Mama Swichi na Asilimia Thelathini

Katika nyumba ile hakuna kitu kilichoachwa kwenye umeme mwenye nyumba akitoka. Pasi ilichomolewa, redio ikachomolewa, chaja za simu zikachomolewa na kuviringishwa, kila moja ikafungwa kwa kipande cha kitambaa. Friji peke yake ndilo lililosamehewa, tena kwa shingo upande. Aliyeitunga sheria hii alikuwa mjane wa miaka sitini na tisa aliyekaa na mwanawe na mkwewe, na kwa ajili ya sheria hiyo mwanawe alimpachika jina la Mama Swichi. Jina hilo hakulipenda wala hakulikataa. Miaka mingi nyuma pasi iliyosahauliwa ilimtobolea meza na kumlia pazia zima, na tangu siku hiyo hakuvuka kizingiti kabla ya kuzunguka vyumba vyote akipapasa soketi kwa kiganja, kama anayepima watoto homa.

Kitu cha pili kusamehewa kilikuwa kompyuta ya mkwewe, ile ya mezani yenye kasha lake kubwa chini ya meza. Mkwe huyo alikuwa muuguzi wa wodi ya wanaume, na kwa miaka miwili alikuwa akisoma shahada huku kazi zake zote mbili, ya hospitali na ya nyumbani, zikimsubiri palepale. Juu ya soketi alibandika karatasi yenye herufi kubwa: TAFADHALI USICHOMOE. Tena hakuiamini karatasi peke yake. Alimkalisha mama mkwe kwenye kiti, akamshika mkono, akamweleza kwamba kompyuta si pasi, na kwamba ukiikatia umeme ghafla unaweza kuua kazi iliyomo ndani.

"Nimekuelewa, mwanangu," Mama Swichi alisema. "Sitaichomoa."

Ahadi hiyo aliitunza mwaka mzima na nusu, mpaka Alhamisi hii tunayoizungumza, saa nne kasoro dakika kumi za asubuhi.

Saa saba mchana muuguzi alirudi kutoka zamu, hata viatu vya kazini hakuvua. Siku hiyo ndiyo ilikuwa ya mwisho kutuma tasnifu yake chuoni, na mwisho wenyewe ulikuwa saa kumi kamili. Kazi ilikuwa imekwisha. Usiku uliopita aliandika mistari ya mwisho ya sura ya tano, akahifadhi, akalala. Alichobakiza ni kuisoma mara moja kwa macho ya mchana na kubonyeza kitufe cha kutuma. Akakaa, akawasha, akaandika neno la siri, kisha akaondoa mikono kwenye kibodi. Mama Swichi alikuwa jikoni akipanga vyombo vilivyokwisha kupangwa, akasikia vibonyezo vikikoma.

"Mama, hebu njoo uone," muuguzi aliita kwa sauti ndogo.

Mama Swichi alikwenda ingawa alijua atakachokiona, maana alikuwa amekiona tangu saa tano na nusu. Picha ya wajukuu iliyokuwa ikipamba kioo cha kompyuta haikuwepo. Folda zote hazikuwepo. Palibaki rangi ya bluu tupu na kikapu cha taka peke yake kwenye kona, na hata hicho kikapu kilikuwa hakina kitu.

"Haina kitu," muuguzi alisema. "Haina hata barua moja. Ni kama kompyuta ya dukani."

"Pole, mwanangu," Mama Swichi alisema, na neno hilo lilimchoma ulimi.

Hapa lazima isemwe wazi kilichomtisha, maana si kuharibika kwa mashine tu. Siku muuguzi alipotangaza kwamba anarudi shule, Mama Swichi alisema mezani, mbele ya wageni, kwamba shule ya mtu mzima ni ya nini; mtu ana mume, ana watoto, ana mshahara, anatafuta nini tena kwenye vitabu. Wageni walitazama sahani zao. Maneno hayo hakuyarudia, lakini pia hakuyafuta. Yalibaki ndani ya nyumba na watu wakajifunza kuyapita pembeni. Sasa, ikijulikana kwamba yeye ndiye aliyechomoa waya, tena siku ya mwisho yenyewe, nani atakumbuka pasi na pazia? Watakumbuka ile meza na wale wageni. Watasema alisubiri, akaipata nafasi.

Mwanawe alifika mbio kutoka karakana ya useremala na vumbi la mbao nyusini. Mkewe alimuuliza jambo moja tu.

"Flashi yangu iko wapi? Ile niliyokupa ukachapishe michoro ya kabati. Ina nakala yangu."

Seremala alijikuna shingo. "Ilibaki kwenye suruali."

"Suruali gani?"

"Ile iliyofuliwa."

Muuguzi akafumba macho. Nakala nyingine pekee ilikuwa kwa msimamizi wake chuoni, nayo ilikuwa ya miezi mitatu nyuma, sura mbili tu. Miezi mitatu ya kuandika usiku ilikuwa ndani ya kasha lile chini ya meza, au haikuwa mahali popote. Na asipotuma leo, angesubiri kundi la mwaka unaofuata, aanze kuomba ruhusa kazini upya, kwa bosi ambaye safari hii alimpa kwa kuvutwa.

Fundi wa kompyuta waliyemwita aliingia saa nane kasoro robo. Alikuwa mwanamke wa makamo, mfupi, mwenye mkoba mzito na miwani iliyoning'inia kifuani kwa kamba ya kiatu. Alimwamkia Mama Swichi kwa heshima, akakataa chai, akasema atakunywa mashine ikipona. Kisha akavuta kiti, akakaa mbali na kompyuta, akaikunja mikono yake. Muuguzi alimtazama, akatazama saa ya ukutani.

"Fundi, hutaanza?"

"Nimeshaanza. Mimi huwa siigusi mashine kabla sijasikia watu. Kila mmoja aniambie jambo la mwisho alilolifanya kwenye kompyuta hii. Lolote. Sitamsema mtu. Nimeshaambiwa mengi, mwingine alimwaga mchuzi kwenye kibodi akanificha nusu siku, nami nanusa vitunguu."

Muuguzi alitangulia. Jana usiku aliandika, akahifadhi, akafunga, akalala. Akaongeza kwa aibu kwamba kwa wiki mbili kompyuta imekuwa ikimwomba ruhusa ya kujisasisha, ile apdeti, naye kila mara aliiambia baadaye. Fundi akatikisa kichwa. Seremala akafuata. Alikohoa, akasema Jumapili aliweka mchezo wa mpira, mkewe akiwa zamu, akacheza saa mbili, kisha akaufuta.

"Uliufuta au uliuficha?" fundi aliuliza.

"Niliuficha."

Muuguzi hakuwa hata na nguvu ya kumkasirikia. Wote watatu wakamgeukia Mama Swichi.

"Mimi nilipangusa vumbi," alisema.

Haukuwa uongo. Kila asubuhi alipangusa vumbi. Fundi alimtazama muda kidogo, akashusha miwani puani, akasogea kwenye kompyuta. Alifungua dirisha moja baada ya jingine, akateremka kwenye orodha ndefu ya mistari midogo, akasimama kwenye mmoja wenye alama nyekundu.

"Mashine huwa inaandika shajara yake," alisema. "Hapa inasema leo saa nne kasoro kumi ilizimika bila kuagwa. Nani alikuwa nyumbani?"

Jibu lilikuwa limesimama mlangoni na kitambaa cha vyombo mkononi.

"Labda umeme ulikatika," seremala alisema haraka. Alimtazama mama yake kwa jicho la mtu anayenyoosha mkono kumsaidia mwingine kuvuka mtaro. "Huku kwetu hukatika. Si ulikatika, Mama?"

Alichotakiwa kufanya ni kuitikia kwa kichwa. Mwanawe alikuwa amemfungulia mlango mpana, umeme haungekuja kujitetea, na kufikia jioni jambo lingekuwa limekwisha. Mama Swichi akaitikia kwa kichwa, kidogo sana, kama anayefukuza nzi.

"Basi kama ni umeme, mambo yanabadilika," fundi alisema, akaondoa mkono kwenye kipanya. "Umeme ukikatika na kurudi kwa nguvu, diski inaweza kuwa imepigwa. Hapo siiwashi tena hata mara moja, maana kila nikiiwasha naweza kumaliza kilichobaki. Nazima, naitoa diski, naenda nayo ofisini kwangu, nainakili yote kwanza. Nitawapa jibu kesho mchana."

"Kesho," muuguzi alisema.

"Nisingependa kukudanganya, dada."

"Na kama si umeme?"

"Kama mtu aliizima kwa mkono, na umeme wa nyumba ulikuwa mzima, basi najua pa kutafuta, na nitatafuta hapahapa sasa hivi. Lakini sina ushahidi wa hilo, na siwezi kubahatisha na kazi ya mtu."

Muuguzi hakulia. Alivua kiatu kimoja, akakaa nacho mkononi, akakitazama kama hajui cha kukifanyia. Mama Swichi aliona unyayo wake uliovimba kwa kusimama zamu nzima. Aliiona pia saa ya ukutani, saa nane na dakika ishirini.

"Umeme haukukatika," alisema. "Nilichomoa mimi."

Akaona heri amalize lote kwa pumzi moja kabla hajakosa nguvu.

"Kile kioo kiliniuliza kwa adabu kama kianze upya, nami nikabonyeza ndiyo. Kikawa bluu, kikaandika asilimia, na chini kikaandika usizime kompyuta. Nilisoma, siwezi kusema sikusoma. Ilifika asilimia thelathini ikagoma. Nilikuwa na zamu ya kupima presha kliniki saa nne. Nilikaa kwenye kile kiti karibu saa nzima naiangalia. Thelathini, thelathini, thelathini. Nikatoka mpaka getini nikarudi. Sikuweza kutoka na kitu kinawaka ndani, mwanangu. Nikachomoa. Nilipotoka kliniki nikachomeka, nikawasha, nikakuta hakuna kitu. Na hiyo presha yenyewe ilikuwa juu mpaka daktari akaniuliza kama nimekuja kwa kukimbia."

"Una hakika ni thelathini?" fundi aliuliza. Hakuna kingine alichouliza.

"Nitaikosea vipi? Ningeweza kukuchorea."

Fundi alipiga paja kwa kiganja na uso wake wote ukafunguka. "Mama, Mungu akuzidishie. Umeniokolea safari. Sogeeni." Mikono yake sasa ilikwenda mbio. "Windows ilipowaka baada ya kukatwa katikati, ilishindwa kufungua chumba cha dada, yaani sehemu yenye faili zake. Haikukivunja, imeshindwa tu kukifungua. Kwa hiyo ilipomwona mlangoni ikampa chumba cha wageni. Ndiyo maana hapa ni safi namna hii. Na msihifadhi chochote humu, maana mgeni akitoka chumba chake kinafagiliwa."

Alifungua diski, akafungua folda ya watumiaji, akabofya jina la muuguzi. Kompyuta ilimwambia hana ruhusa, akabonyeza endelea. Mstari wa kijani ukatambaa. Halafu, moja baada ya nyingine, zikatokea picha za wajukuu, barua za kazi, orodha za zamu, michoro ya kabati ya seremala na ule mchezo wa mpira uliofichwa. Muuguzi aliangusha kiatu.

"Ile pale," alisema. "Tasnifu. Ile pale, iko."

Seremala alimkumbatia mkewe kwa nyuma, vumbi la mbao likabaki kwenye sare nyeupe, na safari hii hakukaripiwa. Mama Swichi aliegemea fremu ya mlango. Hakuthubutu kumtazama mkwewe usoni, lakini alipumua, pumzi ndefu ya kwanza tangu saa nne kasoro kumi.

Fundi akabofya tasnifu mara mbili. Kikatokea kisanduku kidogo cheupe kikisema faili limeharibika na haliwezi kufunguliwa. Akabofya tena. Akajaribu kulitengeneza. Akalinakili kwanza, akaijaribu ile nakala kwa njia nyingine, kisha nyingine. Lilipofunguka mwishoni, lilikuwa na kurasa mia moja na kumi na mbili za viboksi vidogo visivyo na maana.

"Hili limeumia," alisema polepole. "Mengine yote mazima. Umeme ukitoka ghafla hivyo, kuna faili moja au mbili zinazolipa. Sijui kwa nini hili. Dada, huna nakala yake mahali popote? Barua pepe? Simu?"

"Sina," muuguzi alisema. "Ya miezi mitatu tu."

Ilikuwa saa tisa na dakika tano. Pigo hili lilikuwa baya kuliko lile la kwanza, kwa sababu sasa walikuwa wameshafurahi.

Mama Swichi alikuwa na jambo la pili, na hilo lilikuwa gumu kuliko la waya. La waya ni woga, na mtu akisema aliogopa anasamehewa. Hili la pili lilikuwa siri yake mwenyewe, ya miezi minne, na hakuwa na mpango wa kumwambia mtu yeyote mpaka anaingia kaburini. Lakini akamtazama mkwewe aliyekuwa na kiatu kimoja mguuni, na siri ikaonekana kitu kidogo.

"Ipo nyingine," alisema.

"Nyingine ya nini, Mama?" seremala aliuliza.

"Ya hiyo tasnifu. Tafuta folda imeandikwa Vitambaa."

Fundi hakuuliza swali. Alitafuta, akaikuta ndani ya folda ya picha za zamani, mahali ambapo hakuna mtu angeingia kwa hiari yake. Akaifungua. Mlikuwa na faili tano, zimepangwa: Jumatatu, Jumanne, Jumatano, Alhamisi, Ijumaa. Akabofya Alhamisi. Ukurasa wa kwanza ukajaa kioo, mweusi juu ya mweupe, herufi zote mahali pake, na jina la muuguzi chini ya kichwa cha habari: Wake Wanaouguza Waume wenye Kiharusi Nyumbani.

Muuguzi alishuka na kipanya mpaka mwisho kabisa, mpaka kwenye mistari aliyoiandika jana usiku. Ilikuwepo yote. Alianza kulia hapo, kwa raha, bila kujifuta.

"Imenakiliwa leo saa mbili na nusu asubuhi," fundi alisema, akimgeukia Mama Swichi na kumtazama juu ya miwani yake. "Mama, haya ni mambo gani?"

"Nilikuwa naisoma."

"Unaisoma?" Muuguzi alisimama.

"Siku moja nilipangusa vumbi, kioo kikawaka. Kulikuwa na mama mmoja anaeleza jinsi ya kumgeuza mume kitandani peke yako, na shuka unalikunjaje chini yake. Nikakaa. Sikusimama mpaka saa sita." Alikuwa akikunja kitambaa cha vyombo mara mbili, mara nne, mara nane. "Niliogopa kukuharibia. Nikaona nikisoma ileile yako, nitabonyeza kitu usiku uje ulie. Huyu mumeo alinifundisha kunakili picha za harusi na akanipa neno la siri, nikanakili na hiyo. Kila asubuhi ukishatoka natoa mpya, kwa sababu unaongeza usiku, nami sitaki kupitwa. Kompyuta inauliza nibadilishe ya wiki iliyopita, nasema ndiyo."

Fundi alicheka mpaka akavua miwani. "Kuna maofisi nimeyahudumia miaka kumi, yana wakurugenzi na viyoyozi, na hayana nakala kwa mpangilio huu. Nakala ya kila siku ya kazi. Mimi mwenyewe sina."

"Mama," muuguzi alisema, "mbona hukuniambia?"

"Ningeanzia wapi? Nilisema yale maneno mezani, mbele ya watu. Ningekuja kukuambia nini, kwamba nasoma kile nilichokidharau? Niliona haya. Nilikosea, mwanangu. Nilikosea siku ile na leo nimekosea na waya juu yake."

Muuguzi alivuka chumba kwa hatua mbili, moja ya kiatu na moja ya unyayo, akamshika mama mkwe wake mabega. Hakusema kwamba amemsamehe. Aliuliza kitu kingine kabisa.

"Umefika wapi?"

"Ukurasa wa themanini na mbili. Yule mshiriki wako wa tisa."

"Anayesema miaka yote mitano hakuchoka hata siku moja."

"Huyo amekudanganya," Mama Swichi alisema.

Mama Swichi akatazama upande wa bafuni.

"Mimi nilichoka. Baba yenu nilimpenda, na nilichoka. Kuna asubuhi nilikaa kwenye ndoo bafuni nimefunga mlango, namsikia ananiita, na sikutoka. Nilihesabu mpaka mia mbili ndipo nikatoka. Miaka minne ya kiharusi chake. Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza, na mimi sikuwahi kusema. Halafu nafungua hicho kioo nakuta wanawake wenzangu wanasema walichoka, ukatoa na asilimia kabisa. Nikajua sikuwa mke mbaya."

Seremala aligeukia dirishani na kuanza kutoa vumbi la mbao machoni, ingawa vumbi lilikuwa nyusini. Alikuwa amekulia katika nyumba ile na bafu lile, na hakulijua hilo.

"Sikukuuliza," muuguzi alisema. "Nilizunguka wodi nzima natafuta wa kuwauliza, nikarudi hapa kila jioni kula chakula chako, na sikukuuliza. Niliona utaona nakuchimba."

"Ungeniuliza, ningekudanganya kama huyo wa tisa," Mama Swichi alisema, na wote wawili wakacheka kwa machozi.

"Jamani," fundi alisema, "saa tisa na nusu."

Basi wakaanza kazi. Fundi aliihamisha Alhamisi kwenye flashi yake mwenyewe, kisha kwenye simu ya muuguzi, kisha kwenye simu ya seremala, na kama kungekuwa na paka mle ndani angempa nakala yake. Muuguzi aliingia kwenye tovuti ya chuo, akaambatisha faili, akaandika namba yake ya usajili akaikosea, akaandika tena. Mstari wa kijani ulianza kutambaa. Ulipofika asilimia thelathini ukasimama.

Mama Swichi aliangalia soketi, akaangalia ile karatasi ya TAFADHALI USICHOMOE, akapeleka mikono yake yote miwili nyuma ya mgongo na kuishikanisha pamoja. Seremala alimwona, akambana kiwiko kwa upendo. Mstari ukatikisika, ukaruka mpaka sitini, ukamaliza. Kioo kikasema kazi imepokelewa, saa kumi kasoro dakika kumi na nne.

Fundi sasa aliomba chai yake. Aliinywa akiwa amesimama, huku akirekebisha mlango wa kile chumba kilichogoma, na baada ya kuzima na kuwasha mara mbili picha ya wajukuu ilirudi mahali pake, wakicheka vilevile kana kwamba hawakuwa wamekwenda popote. Aliwaachia maagizo matatu: apdeti isisukumwe wiki mbili, mchezo wa mpira utolewe kabisa, na kazi ya kunakili faili za nyumba ile asipewe mtu mwingine yeyote isipokuwa mama. Kuhusu flashi iliyofuliwa alisema iachwe juani siku mbili ikauke vizuri, huenda ikapona. Alikuwa ameshaona flashi zilizopitia mabaya kuliko sabuni.

Fundi alipoondoka, muuguzi alivua kile kiatu cha pili, akajinyoosha. Macho yalikuwa yamefumba nusu kwa usingizi wa siku mbili.

"Nakwenda kulala," alisema. "Lakini njoo kwanza, Mama. Kaa hapa."

Mama Swichi akakaa kwenye kiti chenye magurudumu, kile alichokikalia kila asubuhi kwa wizi. Muuguzi aliinama juu ya bega lake, akamwonyesha kona ya chini ya kioo, alama ya kuzima, na neno Zima. Mama Swichi alibofya mwenyewe. Kioo kikaaga, kikawa cheusi. Alitaka kuinuka, muuguzi akamzuia kwa mkono.

"Subiri taa ya kasha izimike. Ikizimika imelala kweli."

Wakasubiri. Taa ndogo ya bluu chini ya meza iliwaka, ikawaka, ikazimika. Muuguzi akanyoosha mkono ukutani, akabandua ile karatasi yake, akaikunja na kuitia mfukoni mwa sare.

"Haya, chomoa."

Mama Swichi alipiga magoti polepole, akachomoa plagi, akauviringisha waya na kuufunga kwa kipande cha kitambaa, mafundo mawili. Hapo ndipo moyo wake ulipotulia kabisa.

"Na kesho?" aliuliza kutoka chini ya meza.

"Kesho sina zamu," muuguzi alisema. "Nitakuja na daftari. Kuna maswali kumi na nane, nitakuuliza yote. Kwenye tasnifu hayataingia, imeshakwenda. Nataka tu kujua."

Mama Swichi alibaki amepiga magoti, ameushika ule waya uliofungwa.

"Anzia na la bafuni," alisema. "Hayo mengine nitayakumbuka nikishaanza."